Makabidhiano ya Blanketi

Jumamosi moja, saa nne kasorobo asubuhi, Mama Pasi alikuwa ananyoosha joho la kumi na tisa. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, mpini umefungwa kitambaa mara tatu ili usimuunguze, na kila alipomaliza mkono mmoja wa joho aliitoa pasi dirishani, akapuliza majivu yaende nje, akarudi mezani. Majoho yalikuwa thelathini na mawili, meupe, yenye ukosi wa zambarau. Yalikuwa ya kwaya ya kanisa lililokuwa nyuma ya chumba chake. Kati ya chumba na kanisa palikuwa na ukuta mmoja tu, na ukuta huo ulikuwa wa kanisa.

Juu ya ukuta huo lilipita bomba la gata, lile linaloshusha maji ya mvua kutoka kwenye paa. Paa la kanisa lilikuwa kubwa, la bati jipya la bluu, na mvua yote iliyolinyeshea ilikusanyika, ikashuka kwa bomba moja, ikatokea kwenye mdomo ulioelekezwa juu ya chumba cha Mama Pasi. Paa la Mama Pasi lilikuwa dogo na la zamani. Kuelewa kilichofuata hakuhitaji kwenda shule. Mvua ikinyesha nusu saa, chumbani maji yalifika kwenye vifundo vya miguu.

Alikwisha kuandika barua tatu. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mstari wa Maandiko kuhusu uvumilivu. Ya tatu ilirudishwa kwa sababu haikutaja namba ya kumbukumbu ya ile ya pili. Ndipo siku moja akachukua mti wa kutegemezea kamba ya nguo, akausukuma mdomo wa bomba kidogo kuelekea upande wa kanisa. Aliitwa ofisi ya mtaa kwa kuharibu mali ya kanisa, bomba likarudishwa lilivyokuwa, na Jumapili iliyofuata akasamehewa hadharani, mwenyewe akiwa hayupo.

Chumba kilikuwa na meza ya kupigia pasi, kamba mbili za kutundikia nguo, na kitanda alicholala mama yake. Mama huyo alikuwa mzee sana, kifua chake kikikoroma kama birika, na watu wote walimwita Bibi. Bibi alikuwa hasikii vizuri, kwa hiyo alisema mambo kwa sauti kubwa, na kwa kuwa alikuwa mzee hakuna aliyemkataza.

Kamati ilifika saa nne kamili. Ilikuwa Kamati ya Upendo Nje ya Kuta. Mchungaji alikuwa amehubiri kwamba upendo wa Mungu usiishie getini, na watu wale, ambao wana kamati ya kila kitu isipokuwa aibu, waliunda kamati siku hiyo hiyo. Fulana zilichapishwa kabla hawajaamua wampende nani. Baadaye walimchagua Mama Pasi kwa kuwa chumba chake kilikuwa hatua ishirini na sita tu kutoka getini na akina mama walikuwa wamevaa viatu vipya.

Walikuwa kumi na wanne. Mbele alikuja Mwenyekiti, mama mnene kwelikweli, mwenye sauti ya kuongozea harambee, akiwa amebeba blanketi la rangi ya damu ya mzee ndani ya mfuko wa nailoni wenye zipu. Nyuma yake alikuja Katibu na daftari lake, kisha mpiga picha, kisha fundi bomba, ambaye alikuwa mdogo wa mume wa Mwenyekiti na aliletwa kushika bango. Bango liliandikwa KUTOA NI MOYO.

"Hodi hapa, mama yetu!" Mwenyekiti aliita, ingawa alikwisha kuingia.

"Karibuni. Angalieni tu majoho yenu."

Katibu alisoma risala ya kurasa mbili. Humo ndani Mama Pasi aliitwa mjane, ingawa mumewe alikuwa hai na alikuwa ameondoka na mwanamke mwingine, jambo ambalo ni tofauti kidogo. Iliombwa sala. Pasi ilipoa. Kisha wakafika kwenye kile kilichowaleta, yaani picha.

Picha ya makabidhiano ina taratibu zake, na kila mtu aliyewahi kupewa kitu mbele ya watu anazijua. Anayetoa anashika upande mmoja, anayepokea anashika upande wa pili, na wote wawili hawaangaliani wala hawaliangalii lile wanaloshika. Wanaangalia kamera. Hakuna anayeachia mpaka aambiwe.

"Msiachie," alisema mpiga picha. "Moja ya ubao wa matangazo. Msiachie. Moja ya kundi la simu. Mama Mwenyekiti, tabasamu zaidi. Usiachie. Moja ya makao makuu. Mama, wewe usitabasamu sana, jionyeshe una shida kidogo. Haya, tayari."

Mama Pasi akaachia, akarudi kwenye pasi yake. Mwenyekiti hakuachia.

Alijaribu. Alitikisa mkono wa kulia, akavuta vidole kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, akacheka, akasema labda ni jasho. Mkono ulibaki pale pale, umeshika pembe ya blanketi. Katibu akamshauri aondoke nalo hivyo hivyo, mambo mengine yatajulikana mbele. Akafika mlangoni. Yeye alipita, blanketi halikupita. Lilisimama kwenye kizingiti kana kwamba mlango umefungwa, na yeye akabaki nje, mkono wake ukiwa ndani. Wanaume wanne walivuta. Fundi bomba aliinama akachunguza, akasema hakuna hata uzi mmoja uliokatika.

"Limeshakabidhiwa," Katibu alisema, akifunua daftari. "Nimeandika saa nne na dakika hamsini. Haliwezi kutoka tena, ni la mama."

"Kama ni langu, mbona amelishika?" Mama Pasi aliuliza.

Hilo Katibu hakuliandika.

Mkasi wa Mama Pasi ulijaribiwa. Ulipita kwenye sufu kama unavyopita kwenye maji, na sufu ikajifunga nyuma yake. Katibu alishukuru kimoyomoyo, kwa maana taarifa ilisema blanketi zima. Aliitwa daktari wa ushirika wa kanisa, aliyekuja na fulana yake, akapima mapigo, akasema mkono ni mzima kabisa, hauna kasoro yoyote ila hauachii. Wakaomba tena. Ilipofika saa saba akina mama wakakumbuka chakula cha mchana, wakamvutia Mwenyekiti kiti cha Mama Pasi, kilichokuwa kimoja tu, wakamkalisha karibu na ukuta, wakaondoka. Katibu aliandika kwamba Mwenyekiti amebaki eneo la huduma.

"Huyu mgeni haendi kwao?" Bibi aliuliza toka kitandani.

"Amekwama, mama."

"Siku mbili sawa. Ya tatu mpe jembe."

Siku ya tatu Mwenyekiti hakupewa jembe. Aliletewa godoro, taulo, kioo na redio. Asubuhi na jioni akina mama wa ushirika walileta chakula kwenye vyombo vya kupangana, vyenye mfuniko wa kubana, na harufu ilijaa chumba kizima. Chakula kilikuwa cha Mwenyekiti. Kilichobaki kilirudishwa, kwa sababu vyombo vilikuwa vya watu. Kuhusu haja, zilinunuliwa ndoo na pazia, na mwagaji wa ndoo akawa Mama Pasi, kwani kwenye mwongozo wa kamati kipengele hicho hakikuwepo.

Blanketi lenyewe halikumfaa mtu. Mama Pasi alijaribu kumfunika Bibi, lakini likivutwa kitandani lilimvuta na Mwenyekiti, naye alikuwa mzito na kitanda kilikuwa chembamba. Usiku ule wa kwanza na mwingine uliofuata Bibi alilala chini ya kanga mbili kama siku zote, na blanketi likalala magotini pa mtoaji.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya tano, mchana. Haikuwa mvua kubwa. Paa la kanisa liliipokea yote, likaishusha kwa bomba, bomba likaimwaga. Maji yalipenya kwenye bati la Mama Pasi mahali panane panapojulikana, yakatiririka ukutani, yakaingia kwenye viatu vipya vya Mwenyekiti. Mama Pasi alifanya alichozoea kufanya. Alipandisha nguo za watu kwenye kamba ya juu, akasukuma kitanda cha Bibi kwenye kona isiyovuja sana, akapanga mabeseni.

"Kumbe maji ni mengi hivi," Mwenyekiti alisema, miguu ameinyanyua.

"Ndiyo hayo niliyowaandikia."

"Nilidhani ni matone."

"Niliandika 'mafuriko', mama. Mara tatu."

Mtu angetegemea mambo yaishie hapo. Aliyekuwa na mamlaka alikuwa amekaa chini ya bomba lenyewe, amelowa, anaona kwa macho yake. Mtu anayetegemea hivyo hajakaa na watu wa kamati.

Fundi bomba alikuja jioni kumletea shemeji yake soksi kavu. Alipanda juu ya beseni lililogeuzwa, akachungulia dirishani, akaliangalia bomba kwa dakika nzima.

"Shemeji, hii ni elbo moja tu," alisema. Elbo ni kile kipande cha bomba kilichopinda. "Naigeuza hapa, iangalie kule. Saa moja nimemaliza."

"Kule wapi?"

"Kwenu. Uani kwa kanisa."

"Uani kunakaa gari la Mchungaji."

"Gari halijawahi kufa kwa mvua, shemeji."

Mwenyekiti alifikiri. Lazima isemwe kwamba alifikiri kweli, maji yakiwa bado yanamchuruzika shingoni. Kisha akasema kwamba gata iko chini ya Kamati ya Majengo, na yeye ni wa Upendo, na akiingilia Majengo leo, kesho Majengo wataingilia Upendo. Aliandika barua kwa mkono wa kushoto. Alitaja namba ya kumbukumbu.

Fundi bomba alinunua elbo siku iliyofuata kwa hela yake, akaja nayo, akaiweka juu ya meza ya pasi ili iwe karibu kibali kikitoka. Ngazi ya kanisa ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa na Kamati ya Majengo.

Kamati ya Upendo, kwa kuwa haiwezi kukaa bila mwenyekiti, ilihamishia vikao vyake chumbani kwa Mama Pasi, Jumanne na Alhamisi. Walikuja na mabenchi. Meza ya pasi ilisukumwa ukutani. Agenda zilikuwa nyingi: rangi ya fulana za awamu ya pili, nani alikaa mbele ya nani kwenye picha, kama wimbo wa kamati uwe na beti tatu au nne. Gata ilikuwa kwenye Mengineyo, na kila walipofika Mengineyo Katibu aliangalia saa. Mama Pasi alisimama mlangoni na nguo mikononi, akingoja wamalize ili akafanye kazi. Wateja waliokuja wakakuta kikao waliona haya kuingia, wakapeleka nguo zao kwingine.

Habari zilienea, na watu walianza kuja kumtazama Mwenyekiti. Mchungaji alikuwa amehubiri juu yake Jumapili mbili mfululizo. Alisema kuna wanaotoa na kuondoka, lakini dada yetu ametoa na amebaki. Ushirika ulipiga makofi. Wageni walipanga foleni nje ya chumba, waliingia wanne wanne, waligusa blanketi, waliinamisha vichwa, na walitoka wakiacha matope ya viatu vyao sakafuni. Hakuna aliyeuliza yule mzee kitandani anaumwa nini. Mmoja alimwomba Bibi asogee, anaharibu picha.

"Nisogee wapi?" Bibi alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani. "Hiki ni kitanda changu, au nacho mmekikabidhi?"

Majibu ya Kamati ya Majengo yalikuja baada ya siku tisa. Yalisema kwamba uani palikuwa pametandikwa matofali mapya, na kwamba maji ya bomba yangetuama hasa mahali linapokaa gari la Mchungaji, ila suala limepokelewa. Pamoja na barua yalikuja matofali sita na kipande cha turubai. Matofali yaliwekwa chini ya kiti cha Mwenyekiti, moja moja kila mguu, na mawili ya kupandia. Turubai lilifungwa juu ya kichwa chake kwa misumari minne. Ilikuwa kazi nzuri, alilindwa kabisa. Maji yaliyokuwa yakimlowanisha yalikimbia juu ya turubai, yakaanguka kwenye meza ya pasi.

Yaliangukia majoho. Mvua ya siku ya ishirini na moja ilikuja Mama Pasi akiwa amemwinua Bibi kitandani, maana kifua kilikuwa kimembana, na binti mwema haachi mgongo wa mama yake kwa ajili ya nguo. Aliporudi mezani, majoho kumi na mawili yalikuwa na michirizi ya kutu kutoka ukosi hadi pindo. Aliyafua mara nne. Kutu ya bati ni kutu ya bati.

Katibu aliyatazama majoho, akatikisa kichwa kwa huzuni aliyoiandaa.

"Asante ya punda," alisema.

"Maji ni ya paa lenu, kaka."

"Mama, sisi tumekuletea blanketi."

Majoho yalihamishiwa kwa dobi mwingine siku ileile. Mama Pasi alikuwa ameyafua miaka sita, na ndiyo yaliyomlipia chumba. Mwenyekiti alikuwepo, juu ya matofali yake, chini ya turubai lake, akiona kila kitu. Alisema inasikitisha. Kisha akaomba redio iongezwe sauti kidogo, kwaya ilikuwa inaimba.

Inafaa kusema kwamba wanawake wawili wakikaa chumba kimoja siku nyingi huzoeana, hata kama mmoja hakualikwa. Alfajiri Mama Pasi alimchemshia Mwenyekiti maji ya kuoga, akamsugua mgongo kwa kuwa mkono mmoja haufiki. Mwenyekiti alimsimulia habari za mumewe, ambaye alikuwa amekuja kumwona mara mbili tu na mara zote alikuwa amenyolewa vizuri. Kuna jioni walicheka mpaka Bibi akawauliza wanachekea nini. Ndiyo maana Mama Pasi alimwamini. Kosa lake lilikuwa hilo, na halikuwa jingine.

Siku ya ishirini na nane Bibi alikohoa tangu asubuhi mpaka magharibi. Sakafu ilikuwa mbichi, kuta zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, na mawingu yalikuwa yanajikusanya tena juu ya bati la bluu. Mama Pasi alifuta midomo ya mama yake, akaja akakaa kwenye beseni lililogeuzwa, mbele ya kiti.

"Dada, nikuulize na unijibu kama mtu, siyo kama mwenyekiti."

"Uliza."

"Ukipata kutoka hapa, utaisemea hii gata?"

"Haki ya Mungu. Nikitoka hapa, kitu cha kwanza, kabla hata sijaoga, ni gata. Nitawasimamia mpaka igeuzwe. Nimelowa na wewe mimi. Nani mwingine anajua kama mimi?"

"Mama hamalizi masika haya."

"Kabla sijaoga, nimekwambia."

Bibi, aliyekuwa hasikii, alisikia. Aligeuza kichwa.

"Mpe blanketi lake aende," alisema. "Hajalitoa huyo. Ungekuwa umeshapewa ungeshajifunika."

Mama Pasi alitazama blanketi. Lilikuwa zuri, sufu nene, na katika siku ishirini na nane halikuwa limemfunika mtu yeyote wa nyumba ile. Akalishika pembe moja, bila kamera, akamwangalia Mwenyekiti usoni.

"Chukua. Nimekupa. Ni lako."

Akaachia, na vidole vyake viliachia vizuri tu. Mwenyekiti alishuka kwenye matofali, akaenda mlangoni, na blanketi likapita kizingiti pamoja naye bila neno. Mkono wake ulikuwa bado umelishika, lakini sasa alikuwa nje.

Katibu, alipoarifiwa kwa simu, alisikitika kidogo. Alikuwa amependekeza Mwenyekiti avumilie mpaka siku ya arobaini, ingekaa vizuri kwenye mahubiri. Hata hivyo ushirika ulitoka kumpokea. Hatua zilikuwa zilezile ishirini na sita, wakazitembea kwa robo saa, kwa nyimbo na vigelegele. Chini ya bomba Mwenyekiti alisimama. Aliinua macho, akalitazama, akafungua mdomo.

"Huku, Mama Mwenyekiti!" mpiga picha aliita. "Angalia huku!"

Akaangalia huku. Kisha akapelekwa nyumbani, akaoga.

Jumapili alitoa ushuhuda wa saa moja na nusu. Alieleza giza, baridi, ndoo, na jinsi Mungu alivyomshika mkono. Gata hakuitaja, maana ungekuwa ukosefu wa shukrani kusimama kanisani na kulisema paa la kanisa. Jumanne aliitaja kikaoni, na kwa hilo apewe haki yake. Ilikuwa kwenye Mengineyo. Katibu aliangalia saa.

Ahadi ni deni, wanasema, lakini hakuna wa kumdai mtu ambaye mkono wake mmoja umejaa ushahidi wa wema. Blanketi halikutoka mkononi. Mwenyekiti alizoea. Alisalimia watu kwa mkono wa kushoto, na walioudhika zamani kwa salamu ya kushoto waliona sasa ni heshima. Fundi cherehani alimshonea magauni yenye mkono mmoja mpana. Alipopanda gari mtu alimkunjia blanketi magotini.

Katibu ndiye aliyegundua faida yake. Blanketi lisiloachiwa, alisema, haliishi. Alibadilisha maneno ya makabidhiano. Badala ya "tunakupa" ikawa "tunakutembelea na blanketi", na tangu hapo blanketi likawa na adabu, likaingia nyumba za watu na kutoka bila kukwama popote. Wagonjwa walilishika, wajane walilishika, aliyeunguliwa na nyumba alilishika akiwa bado ananuka moshi. Picha tatu, sala, kwaheri. Mwaka ule ushirika ulifikia kaya arobaini na tatu kwa blanketi moja. Makao makuu yaliandika kuulizia mbinu.

Kaya ya ishirini na tisa ilikuwa ya msiba wa Bibi. Alifariki mwishoni mwa masika, alasiri, mvua ikiwa inakatika, baada ya kuuliza kama yule mgeni ameshaenda kwao. Kamati ilikuja kwenye mazishi. Mama Pasi alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, na Mwenyekiti aliinama akamwekea blanketi begani, na kwa muda wa picha tatu lilikuwa na joto kweli. Kisha wakasimama wakaondoka, na begani pakapata baridi. Mwenyekiti alilia njia nzima. Alikuwa anampenda yule mzee, na hilo halikuwasaidia chochote, wala yeye wala mzee.

Fundi bomba aliomba ufunguo wa ngazi mara nne. Mara ya nne aliambiwa kama ana moyo wa kujitolea hivyo, ajiunge na Kamati ya Majengo, fomu zitatoka mwakani. Elbo ilibaki kwa Mama Pasi. Kwa muda ilikaa juu ya meza, halafu akaiweka chini mlangoni, ili upepo usiupige mlango.

Mwaka ulipotimia, kamati iliamua kurudi pale ilipoanzia, iwe kumbukumbu. Walikuja kumi na tisa, wenye fulana za awamu ya tatu, na mvua ilikuwa imeanza. Wakaingia bila hodi, kwa sababu sasa palikuwa kama kwao. Turubai lilikuwa bado limepigiliwa misumari yake minne, na chini yake hapakuwa na mtu. Bomba lilimwaga. Mama Pasi alikuwa amepandisha nguo chache alizobakiwa nazo kwenye kamba ya juu, na alikuwa amesimama katikati ya chumba na beseni mkononi, anayatega maji ya tundu la tano.

"Mama yetu!" Mwenyekiti alisema. Macho yake yalikwenda juu, kwenye bati, halafu kwenye kona pale palipokuwa na kitanda. "Bado inavuja?"

"Bado."

"Nitawaambia. Jumanne tuna kikao."

"Sawa, dada."

Katibu alisema mvua itawaharibia bango, waanze na picha. Mwenyekiti akanyoosha mkono wake wa kulia na blanketi. Mama Pasi akahamishia beseni mkono wa kushoto, akashika pembe kwa mkono wa kulia. Walijua wote wawili wanatakiwa waangalie wapi.

"Msiachie," alisema mpiga picha.

"Siachii," Mwenyekiti alisema.

Mama Pasi aliachia kabla ya picha ya pili, kwa sababu beseni lilikuwa limejaa.